Bibi wa Askari Si Askari: Namna ya Kupata na Kulinda Nyumba ya Jamaa ya Askari

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapishwa kwa ajili ya jamaa zilizohama makwao na viongozi wa vijiji vya upande wa Kinsevere



Leo tunaongea juu ya neno ambalo watu wanalisema chini-chini tu, kwenye kisima na kwenye soko la makala, bila kulileta mbele ya baraza. Neno lenyewe ni hili: jamaa za askari zinalala wapi? Bwana akitumwa mbali, bibi na watoto wanabaki kwa nani? Na akifa, nani anawapokea?

Upande wa Kinsevere, karibu kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi, watu wa namna nyingi wanakaa pamoja. Kuna Walamba, wenyeji wa udongo huu, wa sheferi ya Kaponda. Kuna waliokuja kutafuta kazi kwenye mgodi wa shaba. Kuna waliokimbia vita vya Mitwaba, Pweto na Manono, sehemu ile iliyoitwa pembetatu ya kifo. Mahali pa namna hiyo hapakosi wabibi wa askari na wajane wao, waliotoka kambini kutafuta chumba cha bei ndogo au lupango la kulima. Wengine wanawaogopa. Wengine wanawachukia kwa sababu ya mabaya waliyotendewa na watu wenye mavazi ya uaskari mahali pengine. Na kuna jamaa za askari ambazo nazo zinatumia hofu hiyo ili zipate mahali pa kukaa.

Ndiyo maana tunasema leo: nyumba ya jamaa ya askari isisimame juu ya bunduki. Isimame juu ya makaratasi na juu ya mapatano na majirani. Nyumba iliyosimama juu ya bunduki inaanguka siku bunduki inapoondoka.

KWA NINI HILI NI NENO LA AMANI

Tukumbuke historia yetu. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi kule Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Mwezi wa Septemba 1991 askari walianza kupora mali katika Kinshasa, wakilalamika juu ya mshahara, na mwezi wa Oktoba uporaji ukafika hapa Lubumbashi. Maduka yaliyoporwa wakati ule, mengine hayakufunguliwa tena.

Sisemi kwamba njaa inampa mtu ruhusa ya kuiba. Hapana. Lakini tuseme kweli: askari ambaye watoto wake wanalala nje ni hatari kwa watoto wa wote. Raia akimsaidia bibi wa askari kupata nyumba kwa njia ya haki, analinda na nyumba yake mwenyewe.

Leta ilijaribu kutengeneza jambo hili. Zamani feza za mshahara zilipita mkononi mwa wakubwa, kutoka kamanda mpaka kamanda, na kila mkono ulikata kidogo. Tangu mwaka 2005, kwa msaada wa kazi ya Umoja wa Ulaya iliyoitwa EUSEC, askari walihesabiwa, wakapewa kadi, na njia ya mshahara ikatengwa na njia ya amri. Baadaye askari wengi wakaanza kulipwa kwa banki. Ni hatua nzuri. Lakini banki haijui kama bibi wa askari amekula. Hiyo ni kazi ya bwana mwenyewe, kupatana na bibi yake kabla ya kuondoka.

NANI NI ASKARI, NANI SI ASKARI

Mnisikie vizuri hapa, ninyi viongozi. Bibi wa askari ni raia. Mtoto wa askari ni raia. Mama mzazi wa askari ni raia. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanasema kwamba mtu asiyeshika silaha, asiyeshiriki katika vita, lazima atendewe kwa utu. Basi mtu akichoma nyumba ya bibi kwa sababu bwana wake ni askari, hakulipiza kisasi kwa askari. Amemwonea raia.

Na upande wa pili ni vilevile. Bibi wa askari hana cheo cha bwana wake. Hana haki ya kusema, "Nitamwita bwana aje na wenzake", wakati wanapogombana na jirani juu ya maji au juu ya mpaka wa shamba. Neno kama hilo ni dogo kinywani, lakini kijijini linaweza kuzaa woga wa miaka mingi. Na askari anayerudi kwa likizo aache bunduki mahali pake, kwenye nyumba ya silaha ya kikosi. Bunduki iliyoegemea ukuta wa chumba ambamo watoto wanalala haimlindi mtu ndani ya chumba hicho.

Tuangalie mambo ya mwaka 2025. Goma ilianguka mwishoni mwa mwezi wa Januari, Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Askari wengi walinyang'anywa silaha, na pamoja nao kulikuwa na wabibi na watoto. Tangu tarehe 30 Aprili, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliwasindikiza watu zaidi ya 1,300 kutoka Goma mpaka Kinshasa: askari, polisi na jamaa zao. Kwa hiyo bibi wa askari naye anaweza kuwa mtu aliyehama, sawasawa na ninyi mliotoka Mitwaba. Shida yake na shida yenu ni ndugu.

NYUMBA YA KAZI INAENDA NA KAZI

Sisi watu wa Katanga tunajua neno hili kupita wengine. Tangu enzi za Union Minière mpaka Gécamines, kazi, nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto vilitoka katika mfuko mmoja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Jamaa nyingi ziliona siku hiyo kwamba mfuko mmoja ukifungwa, mambo yote yanatikisika pamoja.

Nyumba ya kambi ya askari ni ya namna hiyohiyo. Ni mali ya jeshi. Askari hawezi kuiuza, hawezi kuipangisha, na watoto hawawezi kuirithi. Hata kama jamaa imejenga chumba cha nyuma kwa feza yake, udongo si wake. Mjane anayekaa kambini anaweza kuambiwa siku moja kwamba askari mwingine anahitaji chumba. Ni neno chungu, lakini ni afazali kulijua mapema.

Basi shauri ni hili: wakati bwana yuko kazini na mshahara unaingia, anzeni kutayarisha nyumba ya kwenu nje ya kambi. Wamama wengi wanajua likelemba. Mkiwa watu kumi, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, kila mama atapata zamu yake ya kupokea fungu kubwa. Zamu moja inunue tofali, nyingine mlango, nyingine mabati. Usingoje siku ya kufukuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MFUKO WA MAKARATASI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jamaa ya askari iwe na mfuko mmoja wa plastiki usioingia maji, na mfuko huo ushikwe na bibi. Bwana asiuchukue kwenda nao vitani. Ndani yake muweke haya:

Kwanza, karatasi ya ndoa. Wengi wameoana kwa mahari tu, mbele ya jamaa mbili. Ndoa hiyo ni ya heshima, lakini lazima iandikwe pia kwa etasivili, kwenye biro ya komini au ya sheferi. Bibi asiye na karatasi anaulizwa maswali mengi siku ya msiba, na kuna wengine wanatokea siku hiyo wakisema, "Mimi ndiye bibi."

Pili, karatasi za kuzaliwa za watoto wote. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, itawalazimu kupitia tribinali, na njia hiyo inakula wakati na feza.

Tatu, nakala ya kadi ya kijeshi ya bwana, yenye namba yake ya matrikule. Andikeni pia jina la kikosi, cheo chake, mahali alipotumwa na siku aliyoondoka.

Nne, hakikisho kwamba majina ya bibi na watoto yameandikwa kwenye biro ya S1 ya kikosi, ile inayoshika mambo ya watu. Bwana mwenyewe apeleke karatasi ya ndoa na za watoto pale. Jina lisiloandikwa pale ni kama halipo.

Tano, makaratasi ya nyumba au lupango, na majina ya mashahidi wawili au watatu.

Bwana apatane pia na bibi juu ya feza: atume kiasi gani, siku gani ya mwezi, kwa simu ya nani. Asitume kwa ndugu kisha bibi aende kuomba. Jambo hilo limevunja ndoa nyingi.

KUPANGA NYUMBA MJINI

Anayetaka kupanga nyumba Lubumbashi, iwe Katuba, Ruashi, Kampemba au Annexe, ajue kwamba kuna sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga. Sheria hiyo inasema kwamba garanti ya nyumba ya kulala isipite kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba akikuomba garanti ya miezi sita au kumi, anapita sheria. Kontra iandikwe. Mwenye nyumba akitaka utoke, akupe habari miezi mitatu mbele. Nawe ukitaka kutoka, ni vivyo hivyo.

Mkigombana, musianze na ngumi wala na kumwita bwana aje na mavazi yake. Muende kwanza kwenye biro ya abita ya komini, ambayo kazi yake ni kuwasikiliza na kuwapatanisha. Ikishindikana, ndipo mtakwenda kwa tribinali.

Na wamama wajue jambo hili: tangu sheria ya familia ilipotengenezwa upya mwaka 2016, bibi aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi. Anaweza kuandika kontra ya nyumba kwa jina lake, wakiwa wamepatana na bwana. Kwa jamaa ambayo bwana yuko mbali miezi kumi kati ya kumi na miwili, ni msaada mkubwa.

LUPANGO LA KIJIJINI

Wengine wanapenda kukaa kijijini, sababu kuna shamba, na maisha si ghali. Ni vizuri. Lakini hapa Kinsevere kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kupiga tofali la kwanza.

La kwanza ni ruhusa. Nenda kwa kapita, naye akupeleke kwa shefu. Usinunue lupango kwa mtu uliyekutana naye njiani, hata kama anakuonyesha karatasi yenye muhuri. Uliza majirani wa pande zote nne: udongo huu ni wa nani? Nani alilima hapa mwaka jana? Kuna jamaa iliyokimbia na itakayorudi? Mara nyingi lupango linaloonekana tupu lina mwenyewe, naye yuko mbali kwa sababu ya vita. Askari au bibi wa askari akijenga juu ya udongo wa mtu aliyekimbia, anapanda mbegu ya vita vingine.

La pili ni sheria ya udongo. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Leta. Karatasi ya shefu ina maana: inaonyesha kwamba wenyeji wamekukubali. Lakini haitoshi kukufanya mwenye haki kamili mbele ya Leta. Karatasi yenye nguvu ni sertifika inayotolewa na biro ya udongo. Ukipata uwezo, anza na karatasi ya shefu, kisha ufuate njia mpaka mwisho.

La tatu ni mgodi. Udongo mwingi wa upande huu umo ndani ya mipaka iliyopewa kampuni za madini. Mgodi wa Kinsevere wenyewe, ambao tangu 2012 ni wa kampuni ya MMG, una mipaka yake. Sheria ya madini ya 2002, iliyotengenezwa upya mwaka 2018, inasema kwamba kampuni ikimzuia mwenye haki kutumia udongo wake, lazima imlipe kwa haki. Lakini mtu aliyejenga kwa haraka, bila shahidi wala karatasi, ataonyesha nini siku ya kuhesabu nyumba? Kabla ya kujenga, mwombe shefu aulize kama mahali pale pamo ndani ya mipaka. Pakiwa ndani, tafuta pengine.

Ukishapata mahali, piga tofali katika kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Udongo wa kichuguu unatoa tofali nzuri, kama mnavyojua. Inua msingi juu ya ardhi, acha paa litokeze mbele ili mvua isipige ukuta. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko.

BWANA ASIPORUDI

Hapa ninaongea polepole, sababu najua kuna wamama wanaosikiliza wakiwa na simu isiyoitika.

Bwana akinyamaza, usikubali haraka neno la mtu anayesema amekufa, wala la mtu anayesema ameoa kwingine. Nenda kwenye biro ya S1 ya kikosi, ukiwa na namba ya matrikule. Nenda pia kwa Msalaba Mwekundu wa Kongo. Pamoja na Kamati ya Kimataifa, wana kazi ya kutafuta watu waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Kama miaka inapita bila habari, sheria ya familia ina njia ya tribinali kwa mtu aliyepotea. Bibi asiitwe mjane na watu wa kijiji kabla ya hapo, na vitu vyake visigawanywe.

Habari ya kifo ikihakikishwa, mfuate mambo kwa utaratibu. Ombeni kikosi karatasi ya kifo. Andikisheni kifo kwa etasivili. Jamaa ikutane na kuchagua mtu wa kugawa mali, na mambo yapitie tribinali ya amani, ile tunayoita Tripe. Sheria ya askari ya mwaka 2013 inaongea pia juu ya haki za mjane na yatima; dosie ya pensheni ianzie kwenye kikosi. Wamama, ombeni kila mara karatasi ya kupokelewa, yenye tarehe. Msitoe karatasi ya kwanza, toeni nakala.

Na wakwe wanasikia? Sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto robo tatu za mali ya baba yao, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwakubali alipokuwa hai. Mjane anapewa haki ya kubaki katika nyumba waliyokaa pamoja na kutumia vyombo vyake. Basi ndugu wa marehemu anayekuja na gari kubeba kitanda na sufuria siku ya tatu ya matanga anaiba vitu vya yatima. Haki hii ni ya nyumba iliyo mali ya jamaa. Nyumba ya kambi haimo. Ndiyo maana tulisema mjenge mapema.

KWA MASHEFU NA MAKAPITA

Ninyi ndio wenye ufunguo. Tunawaomba mambo manne.

Shikeni daftari la malupango. Andikeni jina la bwana na la bibi, mipaka, tarehe, na mashahidi. Kila kurasa isomwe mbele ya watu.

Msimpe mtu lupango kwa woga wa mavazi yake, wala msimnyime mtu kwa chuki ya mavazi hayo. Mkiona askari anataka udongo kwa nguvu, msipigane naye. Pelekeni neno kwa mkubwa wake na kwa mkubwa wa teritwari, kwa maandishi.

Tieni katika baraza lenu mama mmoja wa jamaa za askari, mama mmoja wa waliohama, na mama mmoja wa wenyeji. Hao watatu watasikia ugomvi ukiwa bado mdogo, sababu wanakutana kisimani kila asubuhi.

Na mjane asiye na kitu msimwache peke yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ni kazi, na kazi ni heshima. Kipande kidogo cha shamba kwa msimu mmoja, kilichoandikwa katika daftari, kinaweza kumzuia mama asitume watoto wake kuomba barabarani.

MASWALI YANAYOULIZWA

"Mimi nilifukuzwa kwangu na watu wenye silaha. Kwa nini nimsaidie bibi wa askari?" Ndugu, machungu yako ni ya kweli, na aliyekutendea mabaya ashitakiwe kwa jina lake. Lakini huyu mama hakukufukuza. Ukimfukuza wewe leo, mtoto wake atakua na neno lilelile ulilonalo moyoni.

"Bwana yangu anasema mimi nisijue mshahara wake." Mwambie hivi kwa upole: siku usipokuwepo, nani atasema kwamba ulikuwa na jamaa? Mwite mkubwa wa kanisa, au mzee mnayemheshimu wote wawili, akae kati yenu.

"Sisi hatuna feza ya kutengeneza makaratasi yote." Anzeni na mawili: ndoa na watoto. Hayo mawili yanafungua milango ya mengine.

Wasikilizaji wetu, wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi ni mama aliyetoka Mitwaba, na ni mama aliyetoka kambini pia. Wote wawili wanataka kitu kimoja: mlango unaofungwa usiku na unaofunguliwa asubuhi bila mtu kuuliza mnafanya nini hapa. Wiki hii, kila jamaa itafute mfuko wake wa plastiki na kuhesabu makaratasi yaliyomo. Na kila shefu afungue daftari lake.

 Amani iwe katika kila nyumba.